Mbao za Msitu wa Kijiji, Nanyumbu: Karatasi Safi, Bei ya Juu

Fundi seremala wa Masasi au Mtwara mjini anayetafuta mkongo, mbao ngumu ya milango, ana njia mbili: kununua kwa mlanguzi anayeshusha mzigo usiku bila stakabadhi, au kwenda kijijini kununua katika msitu uliohifadhiwa na wanakijiji wenyewe. Nilichagua njia ya pili, katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Nanyumbu ambacho msitu wake unateremkia Mto Ruvuma, na tathmini hii inahusu huduma ya Kamati ya Maliasili ya kijiji hicho.

Linalostahili sifa kwanza ni utaratibu wa uvunaji. Mnunuzi hachagui mti. Anaongozwa hadi kwenye mti uliokwisha kupimwa unene kwa futi kamba usawa wa kifua na kuingizwa katika mpango wa mwaka. Ukishaangushwa, gogo na kisiki hugongwa nyundo yenye alama na kuandikwa namba ileile, kisha namba hiyo huingizwa kwenye daftari mbele ya mnunuzi. Kwenye kizuizi cha barabarani, alama za gogo zisipolingana na hati ya kusafirishia, mzigo unashushwa; wangu ulikaguliwa na kuruhusiwa bila maneno mengi.

Bei ni ya juu kuliko ya mlanguzi, na fundi mwenye mtaji mdogo ataihisi. Hata hivyo naiona ya haki, kwa kuwa Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ilivipa vijiji nafasi ya kutenga misitu yao na kukusanya malipo ya mazao yake. Jirani zetu wa Kilwa walionyesha kuwa jambo hili linawezekana: mwaka 2009 vijiji vya Kikole na Kisangi, vikisaidiwa na MCDI, shirika la uhifadhi wa misitu, vilipata cheti cha kimataifa cha FSC cha usimamizi bora wa misitu.

Ng'ambo ya mto hali ni tofauti, ingawa miti na watu ni walewale. Kwa sheria ya Msumbiji, ada za uvunaji hukusanywa na serikali, na asilimia 20 ndiyo inayorudishwa kwa jamii zinazoishi msituni. Mwanakijiji wa upande ule, ambaye mara nyingi ni shemeji au binamu wa mwanakamati wa upande huu, analinda mkongo uleule kwa malipo madogo zaidi, na mlanguzi anaijua vizuri tofauti hiyo. Wanakamati walinieleza kwamba doria yao ingekuwa kazi bure kama jamaa zao wa ng'ambo wasingepiga simu kila wanapoona misumeno ikivushwa kwa mitumbwi. Mwaka 2015, huko Durban, Tanzania na Msumbiji zilitia saini pamoja na Kenya, Uganda na Madagascar azimio dhidi ya biashara haramu ya mbao; lakini kwa niliyoyaona, kinacholinda msitu huu usiku ni zaidi undugu wa Wamakua na Wamakonde wa kingo mbili, ambao haujaandikwa popote na hauna bajeti hata ya vocha. Halmashauri za pande zote mbili zingefanya vema kuwagharamia watu hawa.

Kasoro zipo. Mbao zinapasuliwa kwa msumeno wa mkono juu ya kichanja, kwa hiyo unene haulingani: ubao mmoja ulikuwa na inchi mbili kamili upande huu na pungufu ya hapo upande wa pili, na randa ilikula sehemu ya faida yangu. Zilitoka pia zikiwa mbichi, nikalazimika kuzipanga karakanani kwa vijiti katikati ili zikauke bila kupinda. Hati ya kusafirishia nayo ilicheleweshwa katika ofisi moja nje ya kijiji, lori likiwa limesimama kwa gharama yangu. Kosa hilo siwabebeshi wanakamati.

Anayekusudia kwenda aende kiangazi, kabla njia haijaharibiwa na mvua, na atoe oda mapema. Kiwango cha mwaka kikishafikiwa kamati haiongezi hata gogo moja, na oda yangu ya pili ilikataliwa kwa sababu hiyo, licha ya fedha taslimu kuwa mezani.