Uzoefu wangu na michoro ya skeli ya manowari Königsberg

Michoro ninayoieleza hapa ni ya manowari ya Kijerumani SMS Königsberg, kwa skeli ya 1:200, na niliinunua kwa muuzaji wa ng'ambo anayewahudumia watu wanaounda modeli za meli za kivita za zamani. Mteja anaweza kutumiwa karatasi zilizoviringishwa ndani ya mrija, au akapokea faili na kuzichapisha mwenyewe. Nilichukua faili, kwa kuwa gharama ya kuleta mrija hadi Nairobi ilikaribia bei ya michoro yenyewe. Malipo ya kadi pepe ya M-Pesa yalikubaliwa bila usumbufu na faili zikafika siku ileile. Umbo la meli limechorwa kwa uangalifu unaostahili fedha zilizolipwa, lakini karatasi za vifaa vya sitahani ni hafifu, na ipo kasoro moja ambayo muuzaji alipaswa kuigundua kabla ya mteja.

Meli hii haiko mbali nasi. Ndiyo iliyoizamisha manowari ya Kiingereza HMS Pegasus katika bandari ya Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikajificha kwenye delta ya mto Rufiji hadi ilipoangamizwa tarehe 11 Julai 1915. Mizinga yake iliopolewa na kutumiwa na Wajerumani katika vita vya nchi kavu, na mmoja wao unaonekana hadi leo pale Fort Jesus, Mombasa. Kwa mtu wa Nairobi anayetaka kuunda manowari, ni nadra kupata meli nyingine ambayo sehemu yake halisi inaweza kufikiwa kwa safari ya treni.

Königsberg ilikuwa na urefu wa mita 115.3 na upana wa mita 13.2, kwa hiyo katika skeli hii mchoro wa ubavu unapaswa kuwa na urefu wa milimita 576.5 na upana wa sitaha milimita 66. Ukubwa huo unaingia kwenye karatasi ya A1, na maduka ya katikati ya jiji yanayochapisha ramani za majengo yanaifanya kazi hiyo kila siku. Hata hivyo, mashine nyingi hupangwa ili zipunguze mchoro uenee ndani ya pambizo, na nakala ya kwanza niliyokabidhiwa ilikuwa na urefu wa milimita 559, yaani asilimia 97 ya kipimo sahihi. Namsifu mchoraji kwa kuweka mstari wa kipimo kwenye kila karatasi, kwani ndio uliotuwezesha kuigundua hitilafu hiyo kwa rula tukiwa bado kaunta, na mhudumu akachapisha upya kwa asilimia 100. Michoro isiyo na mstari wa namna hiyo isinunuliwe, hata ikiwa ya kupendeza kiasi gani.

Uzito wa seti hii uko kwenye karatasi tatu za umbo: mchoro wa ubavu, mchoro wa juu unaoonyesha nusu ya upana, na mchoro wa mikato, yaani sura ya meli kana kwamba imekatwa kwa upana mahali mbalimbali. Katika huo wa mwisho, upande mmoja wa mstari wa katikati una mikato ya kutoka omo, yaani mbele, hadi katikati ya meli, na upande wa pili una ile ya kutoka tezi, yaani nyuma. Muundaji hunakili kila mkato kwenye karatasi ya manila, akaukata na kuupeleka kwenye mbao, nao ukawa taruma, yaani ubavu wa kiunzi, la kusimamisha juu ya mkuku, ule uti wa chini wa meli. Kwa kuwa mikato ni sura ya meli ileile iliyotazamwa upande mwingine, upana unaopimwa kwa bikari katika mchoro mmoja lazima ulingane na ule wa mchoro wa pili, kwenye mstari uleule wa maji. Hapo ndipo mchoraji wa kweli anapotofautiana na mtu aliyenakili picha tu, na hapo seti hii ilinifurahisha: kuanzia omo hadi zaidi ya robo tatu ya meli, vipimo vililingana kiasi kwamba ncha ya bikari haikupata pa kulalamikia.

Kasoro niliyoitaja iko tezini. Katika mkato wa pili kutoka nyuma, mchoro wa juu una upana unaozidi ule wa mikato kwa milimita moja nzima, nayo ni sentimita 20 kwenye meli halisi. Ukifuata mchoro usio sahihi, mbao za ubavu zinafanya nundu mahali ambapo meli ilikuwa ikijikunja kwa ulaini. Nilimwandikia muuzaji, naye akajibu kwa adabu kwamba mikato ndiyo sahihi na kwamba karatasi ya juu ingerekebishwa. Faili mpya bado sijaipata.

Kuhusu vifaa vya sitahani, dohani zote tatu zimechorwa vizuri, na mpangilio wa mizinga kumi ya sentimita 10.5 ni sahihi: miwili sambamba mbele, miwili sambamba nyuma, na mitatu kila upande katikati. Lakini mzinga wenyewe, ambao mtutu wake katika skeli hii ni takriban milimita 21, umechorwa kwa ubavu na kwa juu tu, bila sura ya mbele, hivyo nilitegemea picha nilizopiga Fort Jesus. Mabomba ya kupitishia hewa yameonyeshwa kama viduara visivyo na kimo. Zaidi ya hayo, hakuna karatasi inayotaja mchoro unaonyesha meli ya mwaka gani. Königsberg iliingia kazini mwaka 1907 na ikafa mwaka 1915, na manowari huweza kubadilishwa inapoingia gudini kwa matengenezo, kwa hiyo kunyamaza juu ya jambo hilo ni kumuuzia mteja mbuzi kwenye gunia.

Muuzaji huyohuyo ana michoro ya HMS Severn na HMS Mersey, zile manowari bapa zilizojengwa kwanza kwa ajili ya Brazili na ambazo, kwa kuzama mita 1.7 tu majini, ziliweza kuingia Rufiji kuishambulia Königsberg wakati meli kubwa za Uingereza zilibaki nje. Kwa skeli hii kina hicho ni milimita 8.5, ilhali Königsberg inadai milimita 26, na ningependa kuziona zikiwa pamoja mezani. Nitainunua seti hiyo muuzaji akikubali kunitumia kwanza karatasi ya mikato na ya juu nizipime, na akinieleza ni za mwaka gani.