Lenzi ya Kupigia Picha Ndege: Washa Tochi Kabla Hujatoa Hela

Mdiria wangu wa kwanza wa Kunduchi ametoka kama nilimpiga picha akiwa ndani ya chandarua. Alitua kwenye mkoko, mita kama sita tu, jua la asubuhi likiwa nyuma yake kidogo, na picha yote maziwa matupu. Nikailaumu kamera, nikaulaumu mkono. Nyumbani nikaimulika lenzi: katikati ya vioo vya ndani kuna nyuzi nyeupe kama utando wa buibui. Kuvu. Milioni moja na laki mbili zimeshaondoka, na muuzaji wa Kariakoo aliyeniapia "dada, hii haijatumika hata mara kumi" hapokei simu.

Megapikseli kaulize kwingine. Mimi nauliza kuvu tu. Dar unyevu upo mwaka mzima, masika ndiyo usiseme, na kuvu inapenda giza na mahali pasipopita hewa, yaani begi lako lililo juu ya kabati. Ikikaa sana inatoa asidi inayokula utando wa kinga wa kioo. Fundi akisafisha, alama inabaki. Dukani toa vifuniko vyote viwili, fungua upenyo wote, yaani lile tundu la kupitisha mwanga, mulika kwa nyuma, tazama kwa mbele huku unaiinamisha taratibu. Chembe mbili tatu za vumbi si kesi. Ukiona nyuzi, ondoka. Muuzaji akikuambia zinafutika, azifute mbele yako.

Namba moja kwangu ni Canon EF 400mm f/5.6L; hizo mm ndizo zinazomvuta ndege karibu. Mimi mtu wa Canon, sifichi. Ni ya 1993, gramu 1,250, haina kituliza mtikisiko, kwa hiyo piga kwa kasi ya 1/1000 ya sekunde kwenda juu. Ninachoipendea: mwili wake haurefuki. Lenzi inayorefuka inavuta hewa kama pampu ya baiskeli, na hewa ya mikokoni unaijua. Kasoro yake, haishiki kitu kilicho karibu kuliko mita 3.5. Ndege chozi akija kwenye maua ya uani, wewe ndiye urudi nyuma.

Ya pili Sony 200-600 ya 2019. Nayo hairefuki, lakini inazidi kilo mbili, na bei yake inahitaji kikao cha familia.

Ya tatu Sigma au Tamron 150-600. Msitu wa Pugu, ndege wakiwa juu kabisa ya miti, zitakusaidia. Ila zinarefuka, kwa hiyo iliyotumika imulike mara mbili.

Kilenzi cha bei poa cha 75-300 kitakupa kunguru wa Feri. Basi.

Nyumbani tafuta deli la plastiki lenye mfuniko unaobana, silika jeli ya kufyonza unyevu, na kipima unyevu. Kisome kati ya asilimia 40 na 50. Mchele uache jikoni, unaleta vumbi.

Halafu hili la dola. Kanuni za 2025 zimekataza kutaja bei ya ndani kwa fedha za kigeni, lakini ukiuliza lenzi bado unatajiwa dola, kisha muuzaji anakubadilishia kwa kiwango chake mwenyewe. Na risiti imeandikwa "mali ikishauzwa hairudishwi", herufi ndogo kuliko sisimizi.

Juzi nimepita pale pale. Kuna nyingine kabatini, imefutwa inang'aa. Nikawasha tochi. Kijana wa dukani akanishangaa: "Dada, umeme si upo?"