Mshipi kwanza, fimbo baadaye: vifaa vya kuvulia ukingoni mwa ziwa, kuanzia bora hadi vya kuacha dukani

Muuzaji akishakuambia "hii ni ya baharini", jiandae, bei inapanda. Nchi yetu Uganda haina bahari, na watu wa Entebbe na Jinja wana haki ya kuuliza kama fedha hiyo ya ziada inanunua kitu chochote. Inanunua nusu. Kifaa kilichotengenezwa kwa uvuvi wa karibu na ufuo wa bahari kina sifa mbili: hakiliwi haraka na chumvi, na kinahimili samaki mwenye nguvu. Chumvi haituhusu. Nguvu inatuhusu sana, maana sangara, yule tunayemwita mputa, akishajua amenaswa hukimbilia mawe, na mawe hayana huruma na mshipi.

Mpangilio huu ni wa mtu anayesimama kwenye mwamba au gati, au anayekaa kwenye mtumbwi karibu na nchi kavu, akitafuta ngege, yaani sato, wa chakula na, siku ikiwa njema, sangara. Wavuvi wa nyavu na wa mukene, yaani dagaa, wana hesabu zao nyingine.

Tuanze na mshipi, kwa sababu ndiko fedha inakopotea. Fimbo mbaya bado inaweza kuleta samaki nchi kavu. Mshipi mbaya hauwezi. Madukani utakuta aina mbili. Nailoni ya uzi mmoja ni rahisi, inavutika, na kuvutika huko kunakusamehe ukishtuka na kuvuta kwa pupa. Pia inavumilia kusuguana na mawe vizuri kuliko mshipi wa kusokotwa wa unene huohuo. Mshipi wa kusokotwa hauvutiki, kwa hiyo unasikia hata mguso mdogo mkononi. Ni mwembamba kwa nguvu ileile, unarushwa mbali, na penye magugu maji hukata majani pale ambapo nailoni ingebeba fungu zima. Udhaifu wake ni mawe na bei.

Mimi huchanganya. Mshipi wa kusokotwa hujaza rili, ile roda ya kukunjia mshipi kwenye fimbo, kisha mbele yake nafunga nailoni nene ya urefu wa mita moja na nusu hivi, ili inayokutana na mawe na mdomo wa sangara iwe hiyo. Chini kabisa ya rili weka kwanza mizunguko michache ya nailoni, la sivyo mshipi wa kusokotwa utateleza wote kwa pamoja samaki akivuta, nawe utadhani breki ya rili, ile inayozuia mshipi usitoke ovyo, imekufa.

Sasa udanganyifu. Usisome kilo zilizoandikwa kwenye karatasi, soma unene. Nailoni ya milimita 0.30 hukatika kwenye kilo sita au saba hivi. Ya 0.50 hufika karibu kilo kumi na tano. Ukiona nailoni ya 0.30 inajisifu kilo ishirini na tano, rudisha rafuni. Kisha vuta kipande, kipitishe kati ya kucha mbili: kikiwa na vifundo au kikibaki kimejikunja kama chemchemi, kimekaa juani miaka. Mwanga wa jua huichosha nailoni, na mabunda yanayoning'inia mbele ya duka ndiyo ya kwanza kuchoka.

Baada ya mshipi, hii ndiyo safu yangu.

Nafasi ya kwanza naipa rili ya wastani, ile ya ukubwa wa 4000, na fimbo ya futi saba hadi nane. Ndiyo hasa seti ambayo mvuvi wa ufuoni Mombasa angeichukua, na hapa inafaa bila kubadilisha kitu. Inarusha chambo kidogo kwa ngege, na breki yake inatosha kumchosha sangara wa kilo kadhaa. Dukani fanya hivi: zungusha mkono wa rili taratibu usikie kama kuna mchanga ndani. Angalia kigurudumu kidogo ambacho mshipi hupita juu yake. Kikigoma kuzunguka, kitausaga mshipi mpaka ukatike. Kwenye fimbo, pitisha pamba ndani ya kila pete. Pamba ikinasa uzi, pete ina ufa, na ufa huo ni kisu. Breki iweke iachie kwenye robo au theluthi moja ya nguvu ya mshipi. Wengi huikaza mpaka mwisho, kisha humlaumu mchina aliyetengeneza.

Ya pili, na wengine watacheka, ni mshipi wa mkono uliozungushwa kwenye kipande cha mti au chupa. Hauna cha kuharibika. Kwa mtumbwi ni bora kuliko fimbo, kwa sababu unashusha wima na kusikia kila kitu kidoleni. Tumia nailoni nene, chubwi ya kutosha kushikilia chini, ndoana moja. Vaa kitambaa kwenye vidole, na kamwe usiuzungushe mkononi ukisubiri: sangara akivuta ghafla, nyama ya kiganja ndiyo itakayolipa. Mwenye fedha kidogo aanzie hapa na asione aibu.

Ya tatu ni mwanzi mrefu wenye mshipi uliofungwa nchani, bila rili. Huu ni wa ngege, basi. Kielea kidogo, ndoana ndogo, nyungunyungu au donge la posho, yaani ugali. Watoto wa mwaloni hushinda nao watu wazima wenye fimbo za gharama, kwa sababu ngege hukaa karibu na majani na mwanzi hushusha chambo kimya kimya bila kishindo cha kurusha.

Ya nne: seti nzito kabisa ya bahari, rili ya 8000 na zaidi na fimbo nene. Si mbaya, ni kubwa mno kwa Ziwa Viktoria la ukingoni, na mkono unachoka kabla ya saa sita. Mahali pake ni Mto Naili chini ya maporomoko ya Murchison. Huko maji yana kasi na sangara ni wengine kabisa: jamaa hawa hukua hata kupita kilo mia moja, na rekodi ya dunia ya fimbo, kilo 104 na ushei, ilitoka Ziwa Nasser nchini Misri mwaka 2000. Huko pia utahitaji kibali cha uvuvi wa michezo kutoka UWA, mamlaka ya wanyamapori ya Uganda, kwa kuwa ni hifadhi. Rili iliyozibwa isiingie maji ya chumvi inafaa pia kwa wanaosafiri Mombasa mara kwa mara na kubeba fimbo kwenye gari. Ukirudi, ioshe kwa maji baridi yanayotiririka polepole; bomba lenye presha husukuma chumvi ndani badala ya kuitoa.

Ya mwisho ni zile fimbo fupi zinazoingiana, zinazouzwa pamoja na rili na chambo bandia kwenye mfuko mmoja. Zinabebeka kwenye boda boda, hilo nakubali. Lakini viungo vyake hujaa mchanga, nchani huvunjika, na rili inayokuja nayo mara nyingi breki yake ni pambo.

Ndoana zisikusumbue sana. Nunua chache nzuri badala ya pakiti kubwa, na jaribu ncha kwenye ukucha: ikiteleza, ni butu. Kwa sangara, nkejje, yule samaki mdogo wa ziwani, akiwa mzima na hai ana nguvu kuliko chambo bandia, ingawa chambo bandia cha kuzama kinafaa ukivua kwenye kina cha mawe. Chambo bandia kimoja ghali kikinaswa chini ni hasara ya siku. Nkejje hamuulizi mtu hesabu.

Ngege chini ya sentimita 28 na sangara chini ya 50 hurudi majini, kwa hiyo beba utepe wa kupimia. Kabla ya kurusha mshipi, muulize afisa wa uvuvi au mwenyekiti wa mwalo, maana utaratibu wa leseni ulianza kuangaliwa kwa ukali jeshi lilipoingia ziwani mwaka 2017. Vaa gambuti usiingize miguu mitupu majini, kichocho kipo. Na fimbo ya kaboni hupitisha umeme, kwa hiyo wingu likianza kunguruma upande wa visiwa vya Ssese, laza fimbo chini na uondoke ukingoni, hata kama samaki ndio wameanza kula.