Kiroba cha polipropilini: 6305.33 au 3923.29?

Kiroba cha nafaka au mbolea ni plastiki tupu, lakini forodhani, ambako kila bidhaa hupewa namba katika orodha ya ushuru, mara nyingi kinahesabiwa kuwa nguo. Kinachoamua ni upana wa utepe, yaani ukanda mwembamba wa plastiki ambao kiroba kimefumwa kwao. Ukiwa milimita 5 au chini yake, kiroba kinaingia Sura ya 63 ya orodha hiyo, kwenye nguo, namba 6305.33. Ukizidi hapo, kinabaki kwenye plastiki, 3923.29.

Pima utepe jinsi unavyoonekana kwenye mfuko wenyewe. Utepe wa milimita 8 uliokunjwa ukabaki 4 unahesabiwa 4, hata kama karatasi ya vipimo ya kiwanda inataja 8. Hapa ndipo wengi hukwama.

Kisha angalia tabaka la plastiki lililopakwa juu ya kitambaa. Kitambaa kilichofunikwa chote kwa plastiki pande zote mbili, na tabaka likaonekana kwa macho, kinarudisha mfuko 3923.29. Kikipakwa upande mmoja tu, kiroba cha utepe mwembamba kinabaki 6305.33. (Magunia makubwa ya utepe huo, yale ya kunyanyuliwa kwa kreni, yana 6305.32.)

Ankara inayosema “mifuko ya plastiki” haimsaidii wakala wako wa forodha. Mtake muuzaji aandike malighafi, upana wa utepe baada ya kufumwa, na pande zilizopakwa, kabla mzigo haujapakiwa.