Kununua Upinde wa Kutengenezwa kwa Mkono: Kabla ya Bei, Tazama Mabawa

Malalamiko ya walionunua pinde za kutengenezwa kwa mkono hunifikia kila mwaka kati ya Januari na Machi, na karibu yote ni ya aina moja. Upinde ulinunuliwa Novemba au Desemba, fedha za minada ya korosho zilipoingia. Ulifika ukiwa wa kupendeza, ukalenga vizuri kwa muda. Kisha mvua zikakolea, mishale ikaanza kwenda kombo, na siku moja ugwe, ile kamba ya upinde, ukachomoka wenyewe nchani na kumchapa mwenye upinde kidevuni. Wengi huja wakiwa wamekwisha kujilaumu kwamba hawajui kulenga. Ninapoushika upinde wenyewe na kuutazama kutoka nchani, mara nyingi naona kwamba mpigaji hana kosa, bawa, yaani mmoja wa mikono miwili ya upinde inayopinda ukivutwa, ndilo lililojisokota.

Kwa sababu hiyo sitapoteza nafasi kueleza mambo ambayo kila muuzaji huyasema bila kuulizwa. Mtu mzima anayeanza achukue upinde ambao nguvu ya kuuvuta ni ratili 25 hadi 30, zilizopimwa upinde ukivutwa inchi 28, na asishawishiwe na yeyote anayemwambia kwamba mwanamume wa kweli huanzia ratili 50. Rangi na nakshi kila mtu atajiamulia. Niseme pia mapema kwamba ninaandikia watu wanaolenga gunia lililoshindiliwa matambara, kama tunavyofanya sisi chini ya mikorosho. Kuwinda wanyamapori bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na upinde haukupi ruhusa ambayo bunduki haikupi.

Upinde ninaouzungumzia ni ule ambao ncha zake, ugwe ukivuliwa, huelekea mbele na kumpa mpigaji kisogo. Mpindo huo ndio unaouwezesha upinde mfupi kuhifadhi nguvu nyingi kuliko mti ulionyooka wa urefu uleule, na mpindo huohuo ndio unaouletea udhaifu wake mkubwa, kwa sababu ugwe haufiki moja kwa moja kwenye mkato wa ncha, bali hulala kwanza juu ya bawa kwa inchi kadhaa, ndani ya mfereji mwembamba uliochongwa katikati. Bawa likijisokota hata kidogo tu, ugwe huanza kuegemea ukingo mmoja wa mfereji, nao ukiegemea hulivuta bawa upande huohuo, kiasi kwamba kila mvuto huongeza ubovu wa mvuto uliotangulia. Upinde ulionyooka unaweza kuvumilia dosari hiyo kwa miaka, lakini wa ncha zilizopinda hauwezi.

Sasa litazame suala hilo kwa macho ya mtu anayeishi Mtwara au Lindi. Kusini mvua huja kwa msimu mmoja mrefu, kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Aprili au Mei, na fedha za korosho huingia mvua hizo zinapoanza, kwa hiyo tunanunua pinde zetu katika wakati mbaya kuliko wote. Mbao hunywa unyevu wa hewa, wala hazivimbi sawasawa pande zote. Mchana jua likitoka kati ya mvua na mvua, chumba chenye bati lisilo na dari huwa tanuri, na gundi nyingi, hata zile za epoksi, hulegea zikipata joto la kutosha. Ongeza hapo tabia ya kuuegemeza upinde ukutani ukiwa umesimamia ncha ya chini, ambayo ndiyo sababu bawa la chini huharibika kabla ya la juu, na ile desturi ya kutia ugwe kwa kupitisha mguu katikati ya upinde na kuukunja kwa paja, ambayo humpa mnunuzi msokoto hata kwenye upinde uliotoka kwa fundi ukiwa mzima kabisa.

Kupima ni rahisi na hakuhitaji chombo chochote. Tia ugwe, shika upinde kama unavyoshika bunduki, weka jicho lako nyuma ya ncha moja na utazame kwa kufuata ugwe hadi ncha ya pili. Ugwe unapaswa kuligawa kila bawa katikati na kupita katikati ya mshiko. Kisha geuza upinde na urudie kutoka ncha ya pili, maana bawa lililo karibu na jicho huficha makosa ambayo lile la mbali huyaonyesha. Baada ya hapo tazama mifereji: ugwe uwe umelala ndani ya mfereji kwa urefu wake wote, pasiwe na upande unaogusa zaidi. Mwisho, vuta nusu tu ya urefu wako, achia polepole bila kufyatua, na utazame tena. Msokoto mdogo sana unaweza kurekebishwa na fundi anayejua kazi kwa kulikunja bawa taratibu upande wa pili, lakini hilo ni jambo la mwenye upinde tayari. Anayenunua hana sababu ya kulipia ugonjwa.

Kijana mmoja wa Masasi aliniletea upinde uliozungushiwa ngozi ya nyoka kutoka mshikoni hadi karibu na ncha, kazi ya kuvutia kweli. Kwenye bawa la chini ugwe ulikuwa umesogea kushoto kiasi cha kuifuta ngozi mpaka ikawa nyeupe, mstari mmoja mwembamba kama uliosuguliwa kwa msasa. Tulipoibandua ngozi kwa ruhusa yake, chini yake palikuwa na mshono wa gundi uliojaa mapovu makavu, na mahali pamoja mwanya ambamo ukingo wa karatasi uliingia bila kusukumwa. Upinde ule haukuharibikia Masasi. Ulitoka kwa aliyeutengeneza ukiwa na mwanya huo, na ngozi iliwekwa juu yake. Tangu hapo nimekuwa mkali kuhusu jambo moja: sipendekezi upinde wowote ambao mishono ya gundi ya mabawa yake imefunikwa, hata ukipambwa vipi.

Kwa kipimo hicho, wa kwanza kwangu ni Grizzly wa Bear Archery, na sifichi kwamba naupendelea. Ni kampuni iliyoanzishwa na Fred Bear mwaka 1933 kule Michigan nchini Marekani, na leo pinde zake za kijadi hutengenezwa Gainesville, Florida. Grizzly ni upinde wa kipande kimoja, wenye urefu wa inchi 58, mshiko wa mbao ngumu na mabawa ya mbao yaliyobanwa kati ya matabaka mawili ya faibaglasi. Mabawa yake hayakuvishwa kitu, kwa hiyo unaweza kuutembeza ukucha kwenye ubavu kutoka mshikoni hadi nchani na kusoma kila mshono. Tena ni mapana kiasi cha kutosha, na bawa pana na bapa hukataa kusokotwa kuliko bawa jembamba lenye mpindo mkali. Wapo wanaolalamika kwamba mpindo wake ni wa wastani na kwamba kuna pinde zinazorusha mshale kwa kasi zaidi. Ni kweli, lakini kasi hiyo hununuliwa kwa ncha zilizopinda mno na mabawa yaliyokondeshwa, na mvua zikianza Mikindani nitamuuliza mwenye kasi mishale yake inaelekea wapi. Hakikisha tu kwamba unaagiza wa mkono wako, kwa kuwa kidirisha cha mshale, yaani mkato wa juu ya mshiko ambamo mshale hukaa, huchongwa upande mmoja, na wa mtu wa mkono wa kulia haumfai wa kushoto. Uchukuliwe ndani ya bomba gumu la plastiki lile la mabomba ya maji, kwa sababu upinde huu haukunjuki vipande, na safari ya basi kutoka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 500, ambazo kondakta atataka upinde uzimalize zote ndani ya buti kati ya magunia ya viazi.

Wa pili ni pinde za Grózer wa Hungaria, lakini zile za faibaglasi peke yake. Huyu ni fundi anayefuata maumbo ya pinde za wapanda farasi wa zamani, fupi, zisizo na kidirisha, ambazo mshale hulala juu ya ngumi ya mpigaji. Kwa sababu hiyo upinde mmoja humfaa wa kulia na wa kushoto, na kwa sababu hiyohiyo manyoya ya mshale hukata ngozi ya mkono mpaka utakapojifunza kuvaa kinga. Ngozi mara nyingi hukaa mshikoni, jambo ambalo sina ugomvi nalo. Nimeuweka nyuma ya Grizzly kwa kuwa mabawa yake ni membamba zaidi na hayamsamehe mtu anayetia ugwe kwa paja.

Samick Sage ni wa tatu, na watakaonilaumu kwa kuuweka hapa wana hoja. Ni upinde wa inchi 62 ambao mabawa yake hufungwa kwenye mshiko kwa skurubu kubwa, ili bawa likiharibika ulibadilishe bila kutupa upinde mzima, na katika hali ya hewa kama yetu hiyo ni faida ambayo Grizzly hana. Lakini ni kazi ya kiwanda, na mwongozo huu unahusu kazi ya mkono. Ukiununua, usikimbilie kusema bawa limesokotwa kabla hujalegeza skurubu, ukafuta vumbi kwenye kikao cha bawa na kukaza upya, kwa maana bawa lililokaa upande hufanana kabisa na bawa lililojisokota.

Kisha zipo pinde za pembe na mishipa, ambazo moyo wangu unazitamani na akili yangu inazikataa. Tumboni, upande unaomtazama mpigaji, huwekwa pembe, mgongoni, upande wa pili, mishipa ya mnyama, na vyote hushikwa kwa gundi ya ngozi au ya kibofu cha samaki. Gundi hiyo hupenda maji kuliko kitu chochote. Wakorea, ambao upinde wao wa gakgung umeundwa hivyo kwa pembe ya nyati maji, huuhifadhi ndani ya kabati lenye joto ili ubaki mkavu, na hao wana majira ya baridi kavu ya kuwasaidia. Nani atakayewasha kabati la joto Lindi mjini mwezi wa Februari, na umeme wenyewe tunaujua? Atakayeletewa zawadi aupokee kwa shukrani na autundike mahali pakavu. Wa kununua kwa fedha yake aache.

Kuhusu pinde za bei rahisi zinazouzwa mtandaoni zikiwa zimeviringishwa ngozi, nimekwisha kusema. Za mpingo zinazochongwa kwa ajili ya wageni ni mapambo, maana mpingo ni mzito, na bawa zito huburuta mshale.

Linaloniudhi zaidi ya gundi mbovu ni wanaoziuza pinde. Muuzaji mmoja wa Dar es Salaam alinitumia picha nyingi za upinde mmoja, ubavuni, mshikoni, juu ya zulia jekundu, hata mikononi mwa mtoto, lakini nilipomwomba picha moja tu iliyopigwa kutoka nchani ukiwa na ugwe, alinijibu kwamba upinde ukishatiwa ugwe unahesabika umetumika. Huo ni uongo wa mchana. Upinde hauharibiki kwa kutiwa ugwe dakika tano, na anayekataa kuutia anajua kitakachoonekana. Wapo wengine wanaotaja bei, na ukishakubali wanaanza kuongeza: kodi, usafirishaji, ufungashaji, kisha ya mtu wa kituo cha basi. Kiwango cha kawaida cha Kodi ya Ongezeko la Thamani ni asilimia 18, kinajulikana, na anayedai kwamba ameilipa kodi hiyo na aonyeshe karatasi za forodha pamoja na risiti ya mashine. Asiyekuwa nazo anakutoza fedha yake mwenyewe kwa jina la Serikali. Nao hupandisha bei Novemba, kama wapandishavyo bei za bati na pikipiki, kwa kuwa wanajua kalenda ya minada yetu kuliko sisi. Anayeweza kungoja hadi Juni, upepo wa kusi unapovuma na hewa kukauka kidogo, atapata bei ya kiungwana na atakuwa na miezi ya kuuzoea upinde kabla ya unyevu kurudi. Anayeagiza moja kwa moja kutoka nje aulize kwanza forodha na polisi kabla hajatuma hata senti, ili asiambiwe bandarini yale ambayo angeweza kuambiwa nyumbani.

Usilipe fedha yote kabla hujapata picha mbili zilizopigwa kutoka ncha zote mbili, upinde ukiwa na ugwe, na maandishi, hata ya ujumbe wa simu, kwamba utarudishiwa fedha endapo ugwe hautapita katikati siku utakapoupokea. Dai pia kamba ya kutilia ugwe iwemo ndani ya bei. Ni kamba ya kawaida yenye vifuko viwili vya ngozi vya kuvika ncha, nayo hulikunja kila bawa sawasawa bila kulisokota. Wauzaji haohao huiuza kando kwa bei ya kukasirisha. Muuzaji akikataa, mpelekee fundi viatu yeyote wa soko kuu la Mtwara upinde wenyewe apimie ncha zake, naye ataishona kabla hujamaliza kunywa chai.