Wolfgat, Paternoster: mlo wa heshima katika kijumba cha wavuvi

Paternoster ni kijiji cha wavuvi kwenye mwambao wa magharibi wa Afrika Kusini, mwendo wa saa mbili hivi kwa gari kutoka Cape Town, na Wolfgat umo humo, ndani ya kijumba cheupe chenye umri wa zaidi ya miaka 130 kinachotazama ufuko moja kwa moja. Mgahawa huu huchukua wageni 20 tu. Mpishi Kobus van der Merwe, aliyewahi kuwa mwandishi wa habari za vyakula, aliufungua mwaka 2016, na Februari 2019 ukatangazwa jijini Paris kuwa mgahawa bora wa mwaka katika Tuzo za Migahawa Duniani. Sifa zinapotangulia namna hiyo, mtu huingia na shaka, nami niliingia nayo.

Shaka yangu iliondolewa na mkate. Uliletwa ungali moto, pamoja na siagi iliyochanganywa na bokkoms, yaani mkizi waliotiwa chumvi na kuanikwa hadi wakakauka, ambao mtu wa Lamu au Mafia angewatambua kwa harufu tu kuwa ni ng'onda. Siagi ilipoyeyuka juu ya mkate, ukali wa chumvi ulitulia, ikabaki ladha nzito ya samaki iliyokaa mdomoni hata baada ya kumeza. Kwetu ng'onda ni kitoweo cha siku ambayo hakuna kingine, wala mgeni wa heshima hatengewi. Hapa ndiye anayempokea mgeni, na hakuna anayeomba radhi.

Mlo una sahani saba, na vyakula hubadilika kufuatana na msimu na hali ya bahari: kome, mwani, konokono wa miambani, samaki aliyepatikana, pamoja na majani yanayochumwa kwenye matuta ya mchanga ya jirani. Kuna mchicha wa matutani wenye majani manene yaliyojaa majimaji ya chumvi, ambayo ukiyatafuna hukatika kwa mlio kama tango changa. Aliyezoea nazi, ndimu na pilipili za mwambao wetu huenda akaona mwanzoni kwamba chakula hakijakolea viungo, kwa sababu kinachotawala ni chumvi na uchachu, lakini ulimi huzoea. Sahani ni ndogo, kama ilivyo desturi ya migahawa ya aina hii, ingawa zote saba na ule mkate zinashibisha.

Wafanyakazi wengi ni wanawake wa kijiji hicho ambao hawakupitia chuo cha upishi, na kwa kuwa wanaopika ndio pia wanaoleta sahani mezani, anayeuliza kuhusu jani fulani hujibiwa na mtu aliyelishika kwa mikono yake. Hilo lilinipendeza kuliko tuzo. Hoteli nyingi za kifahari za pwani yetu humwandalia mgeni samoni aliyesafirishwa kwa ndege kutoka Norway, ilhali changu na tasi wanauzwa mnadani hatua chache kutoka jikoni.

Atakayekwenda aweke nafasi mapema sana, achague mlo wa mchana ili aione bahari vizuri, na abebe sweta, kwa kuwa upepo wa Atlantiki ni wa baridi hata jua likiwaka.