IST yangu na gesi niliyojaziwa mara tatu

Mwezi wa kumi na moja hapa Lindi, ukiacha gari juani mpaka saa nane mchana, usukani unaushika na kuuachia. Na jua lenyewe si tatizo sana kama unyevu wa bahari. Jasho halikauki, shati linaganda mgongoni. Ndiyo maana nilipokwenda kununua Toyota IST iliyotumika Japani, kitu cha kwanza kujaribu ilikuwa AC. Ikapuliza baridi, nikalipa.

Wiki ya tatu ikaanza kubabaisha. Gari likiwa kwenye mwendo, baridi ipo. Nikisimama kushusha mtu, inatoka hewa ya feni tu. Fundi wa kwanza alifungua boneti, akachungulia, akafunga. "Gesi imeisha, bosi." Elfu sitini. Siku kumi na nne za raha, kisha joto likarudi. Nikampelekea tena, akajaza tena. Mara ya tatu nikabadilisha fundi, jibu likawa lile lile na bei ile ile. Laki na themanini ikaishia hewani, na hapo sisemi kwa mafumbo.

Wa kunitoa kwenye shida hiyo yuko Mtwara, nilielekezwa na dereva mmoja wa Noah. Gesi hakuigusa kabisa. Aliniambia niwashe AC gari likiwa limesimama, akachuchumaa mbele ya bampa.

"Njoo uone, kaka. Feni haizunguki. Ukikimbia, upepo wa barabarani unakusaidia. Ukisimama, kondensa inapulizwa na nani?"

Kondensa ni kile kirejeta chembamba kilicho mbele ya rejeta ya maji. Joto lote linalonyonywa ndani ya gari linakwenda kumwagwa pale. Bila feni halitoki, kwa hiyo na ndani hakupoi.

Kisha akawasha tochi, akanionyesha pembe ya chini ya hiyo kondensa. Palikuwa na doa la mafuta lililoshika vumbi, upana wake kama sarafu ya mia mbili. Gesi inasafiri pamoja na oili ya kompresa, ile pampu inayoisukuma, kwa hiyo inapovujia gesi, oili inabaki kama ushahidi. Akapaka maji ya sabuni kwa brashi. Mapovu yakaanza kupanda taratibu, moja, jingine, jingine. Nilisimama pale nikiyaangalia huku nikihesabu zile elfu sitini zangu.

"Gesi ya AC siyo petroli," akasema. "Haiungui, inazunguka tu humo humo. Ikipungua, ujue imetokea mahali."

Sasa niambie, mafundi wawili waliopita walikuwa hawalijui hilo, au walilijua sana?

Alibadilisha kondensa, akaweka feni nyingine na oringi mpya, vile vipete vya mpira vya kuziba maungio ya mabomba. Halafu akafanya jambo ambalo wale wenzake hawakufanya: alifunga pampu ya kunyonya, ikafanya kazi nusu saa nzima kutoa hewa na unyevu kwenye mabomba. Ndipo akajaza gesi ya R134a huku mtungi uko juu ya mizani, akifuata gramu zilizoandikwa kwenye stika ya chini ya boneti. Kipimajoto alichochomeka kwenye tundu la dashibodi kilisoma nyuzi 8, gari limesimama. Nililipa laki tatu na kumi.

Mapungufu anayo. Aliniahidi gari saa sita, nikaondoka magharibi. Kondensa ni ya mtumba na dhamana yake ni mwezi mmoja, tena ya mdomo. Lakini ni msimu wa pili huu, na baridi ipo.

Kilichobaki ni abiria. IST haina matundu ya hewa nyuma, kwa hiyo mbele wanaganda na nyuma wanalowa jasho. Safari ya kwanza baada ya matengenezo nilimweka mama mkwe mbele kwa heshima. Hatujafika hata Mnazi Mmoja ya hapa Lindi: "Mkwe wangu, punguza hicho kitu, magoti yananiuma." Nyuma watoto wanapiga kelele niongeze. Siku hizi nafungua vioo dakika mbili za mwanzo ili lile joto la kuegeshwa litoke, nafunga, nabonyeza kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani, na matundu ya katikati nayaelekeza juu kwenye dari. Baridi inapita juu ya vichwa vyetu na kuwashukia wa nyuma. Mama mkwe sasa anakaa nyuma, upande wa kushoto. Kwenda Dar asubuhi barabara inaelekea kaskazini, jua linapiga kulia. Kurudi mchana jua limeshahamia magharibi, linapiga kulia tena. Anayeungua ni dereva na aliye nyuma yake, kwenda na kurudi.

Jirani yangu ameniita mara mbili sasa kuniambia gari linavuja, kila nikiegesha linaacha kidimbwi chini. Nikachovya kidole nikamwonyesha: maji matupu, ule unyevu wa Lindi uliokamuliwa kwenye hewa. Hajaamini. Jana kaniwekea ndoo.